Ardhi Tuliyoisingizia

Uongo wetu ulikuwa mfupi na ulitosha. Tulisema kile kipande cha ardhi kilicho chini ya njia ya mtoni ni kibaya, kina siafu, hakikubali kitu. Wanawake wote wa kijiji tulisema hivyo, na mama wakwe zetu walisema hivyo kabla yetu. Waume zetu walikubali bila ubishi, kwa sababu mwanaume akishaambiwa ardhi ni mbaya hainami kuigusa. Anapita zake.

Ukweli ni kwamba zamani pale palikuwa na zizi la ng'ombe. Mwenye zizi alihamia Usangu na mifugo yake wakati Mjerumani bado anatawala, wazee waliomfahamu wakafa mmoja mmoja, nyasi zikafunika. Sisi wanawake ndio tuliobaki tukijua, maana sisi ndio tuliopachimba. Tulizika pale watoto waliokufa kabla ya kubatizwa. Makaburi ya misheni hayakuwapokea, na huu udongo mwekundu wa kwetu ukikauka hauchimbiki na mwanamke aliyetoka kujifungua. Pale palikuwa peusi na laini. Bibi Ida, mkunga wetu, alitangulia na kijembe, mama wa mtoto alifuata kama ana nguvu, likachimbwa shimo la kina cha mkono, likawekwa jiwe. Wanaume hawakuitwa. Wengi wao hawakuwepo hata wa kuitwa, walikuwa Tanga wanakata mkonge.

Wa kwangu alizikwa pale Julai ya mwaka 1953, asubuhi ya baridi, nyasi zote nyeupe kwa umande ulioganda. Mume wangu Kasimiri alikuwa na nusu mwaka huko Tanga. Mtoto aliishi tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda juu ya miti. Katekista alitufundisha kwamba mtu yeyote anaweza kumbatiza mtoto anayekufa, maji kidogo na maneno machache tu. Bibi Ida hakuwa Mkristo, maneno hayo hakuyajua. Mimi niliyajua, lakini nilikuwa nimelala. Nilichoka, nikalala, na nilipoamka alikuwa amekwisha kufungwa kwenye kitambaa.

Kasimiri aliporudi, mwaka 1955, aliniuliza jambo moja tu kabla hajavua koti. "Amelala wapi?"

Nikamjibu, "Misheni."

Jumapili tukaenda wote. Nikamwonyesha msalaba mdogo usio na jina, pembeni, karibu na ua. Mtoto wa nani sijui. Kasimiri akapiga magoti, nami nikasimama nyuma yake nikitazama viatu vyake alivyonunua Tanga, vina kamba mpya. Sikusikia kitu. Tangu ile Julai sikuwa nasikia kitu, nilipika, nililima, niliitikia watu salamu, na ndani palikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Watu waliniona hodari. Tereza, rafiki yangu, jirani wa ng'ambo ya kijito, ndiye peke yake aliyenitazama siku moja akasema, "Dada, wewe unatembea tu." Yeye alijua. Alikuwa na mapacha wake pale pale, hatua sita kutoka kwa wangu.

Mwaka huo huo ndipo alipokuja bwana shamba. Jina lake Filbert, kijana wa Manda, mtoto wa wavuvi wa ziwani. Samaki aliwajua kwa macho, mahindi aliyajua kwa kusoma. Kila asubuhi alitetemeka kwa baridi mpaka ungemhurumia. Serikali ilimtuma atuonyeshe mbolea za dukani, na hilo alilifanya kwa bidii, siwezi kumsingizia. Akamwambia jumbe, "Nipe ardhi mbaya kuliko zote mlizonazo. Nikiotesha kwenye nzuri mtasema ni ardhi."

Jumbe akanyoosha mkono kuelekea chini ya njia ya mtoni.

Tuliitwa wanawake kumi na wawili kwenda kulima. Ndiyo, sisi wenyewe. Tungesema nini? Tulijipanga mstari na majembe yetu, hakuna aliyeimba, na tuliparua juu juu kama kuku. Bwana shamba alizunguka nyuma yetu akisema, "Chimbeni chini, akina mama, chini!" Tukaitikia "Ndiyo bwana" na kuendelea kuparua. Kisha akaamuru mawe yote yaondolewe ili kamba zake zinyooke. Yakatupwa korongoni. Nililiona la kwangu likienda, nadhani ni lenyewe. Tereza alipiga jembe chini akaenda kujisaidia, hakurudi mpaka kazi imekwisha.

Bwana shamba akagawa kile kipande mistari mitatu mirefu. Wa juu, karibu na njia, haukuwekwa kitu. Wa kati uliwekwa mbolea ya kijivu, unga mzito unaotiwa shimoni pamoja na mbegu. Wa chini uliwekwa ile nyeupe, chembe zinazong'aa kama chumvi ya dukani, hiyo unainyunyiza mahindi yakifika magotini. Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyokaa, maana shida yote iko hapa. Mstari wa juu na wa kati ilikuwa nje ya zizi, kwenye udongo mwekundu kama wa mashamba yetu sote. Wa chini ulipita katikati ya zizi lenyewe, juu ya samadi ya miaka mingi na juu ya watoto wetu, kisha ukatoka upande wa pili na kumalizikia kwenye udongo mwekundu kwa hatua kama kumi hivi.

Mwezi wa Juni wa mwaka uliofuata tukaitwa kutazama. Wa juu, mahindi yalifika kifuani, membamba. Wa kati yalipita kichwa, yamebeba vizuri. Wa chini yalikuwa msitu. Mabua ya kushika kwa mikono miwili, kila bua mahindi mawili. Wanaume waliingia mle wakapotea, ukasikia sauti tu.

Wanaume wa kwetu hawanunui kitu kwa kuambiwa. Waling'oa mabua wakatazama mizizi. Walimenya, wakang'ata punje, wakatema. Linus, mume wa Tereza, aliweka hindi la mstari wa kati kiganja hiki na la mstari wa chini kile, akafumba macho kuyapima, na wenzake wakasubiri, kwa sababu Linus akiamua nusu ya kijiji imeamua. Akafumbua macho.

"Ardhi ya siafu imetoa hivi," akasema. "Kwangu mimi itakuwaje?"

Basi, kwisha. Wote wakawa wa nyeupe. Bwana shamba akacheka kwa furaha mpaka baridi ikamtoka.

Mimi nilitembea mpaka mwisho wa mstari wa chini, zile hatua kumi zilizotoka nje ya zizi. Mahindi ya pale yalikuwa yamekula nyeupe ile ile, siku ile ile, na yalifika kifuani, membamba, majani yana wekundu wa zambarau pembezoni. Sawa sawa na yale yasiyopewa kitu. Kwenye udongo wetu nyeupe peke yake haikufanya lolote. Kijivu ndiyo iliyofanya.

Tukiwa njiani kurudi nikamwambia Kasimiri, "Bwana, uliona mwisho wa mstari ule?"

"Niliona. Bwana shamba anasema pale ni ubaya wa ardhi tu. Ninyi wenyewe si mnasema ardhi yote ile ni mbaya?"

Uongo huo tulikuwa tumeujenga wenyewe.

Naomba ieleweke tulikuwa tunahatarisha nini. Kasimiri alirudi na pesa za mkataba mzima, na pesa hizo zilitosha mbolea ya aina moja kwa shamba letu la mlimani, mara moja. Aliniambia wazi, bila ukali, kwamba mahindi yakikubali hatakanyaga Tanga tena, na yakikataa atapanda lori la manamba, la vibarua wa mkonge, mwaka unaofuata. Na mimi mwezi wa Oktoba nilikuwa na mimba ya miezi minne. Nilijiona tena katika chumba kile, nimelala, na Bibi Ida akifunga kitambaa. Hilo tu ndilo lililonigusa mwaka ule, na halikuwa huzuni, ilikuwa hofu.

Nikaenda kwa Tereza. Nilimkuta anapepeta ulezi.

"Tuwaambie," nikasema.

Hakuacha kupepeta. "Ukisema lako umesema la wote, Paskalina. Linus anaamini wanangu walibatizwa. Nilimwapia. Unamjua Linus."

"Watanunua isiyofaa."

"Wanunue." Ungo ulipanda ukashuka. "Mahindi yakikosa tutakula viazi. Mimi nikikosa nyumba nitakula nini?"

Nikamwona ana haki. Nikarudi nyumbani nimeamua kunyamaza, na kunyamaza nilikuwa nimekuzoea.

Mbolea ililetwa kwenye duka moja la Makambako, nasi tukaenda wengi siku moja, juu ya lori la mbao za miwati. Niliomba kwenda nikanunue kitambaa cha mtoto. Dukani mifuko ilipangwa kuta mbili, huku nyeupe, huku kijivu, na ukuta wa kijivu haukuguswa. Linus alishachukua mitatu. Zamu ya Kasimiri ikafika, akaweka pesa mezani, mkono wake juu yake, akasema, "Nyeupe."

"Ya kijivu," nikasema.

Watu wakageuka. Hata mimi nilishangaa kuisikia sauti yangu.

"Jamani," akasema Linus, "kwenye nyumba hii kaptula anavaa nani?"

Walicheka mpaka mwenye duka naye akacheka. Kasimiri hakucheka. Alichukua pesa zake, akanishika kiwiko, tukatoka nje mpaka nyuma ya duka, palipokuwa na mizani mbovu na kuku wawili.

"Sema."

Nikamwambia. Nilisema kwa mpangilio, kama mtu anayetaja bei za sokoni. Kwamba pale palikuwa na zizi. Kwamba najua kwa sababu nimepachimba, udongo ni mweusi mpaka kwenye kiwiko. Kwamba nilimchimbia mtoto. Kwamba hakubatizwa, kwa sababu nililala. Kwamba yule wa misheni si wetu.

Kasimiri alitazama kuku. Nilingoja kofi bila kulihofu, wala kulitamani, basi tu nilingoja. Mwishowe akaniuliza, "Na kijivu, una hakika?"

"Nimeuona mwisho wa mstari."

Akaingia dukani akatoka na mifuko minne ya kijivu, miwili miwili, begani. Walipomuuliza sababu alijibu kwamba nyeupe inamuumiza macho.

Lori lilitushusha jua likiwa bado lipo, tukaiacha mifuko kwa jumbe. Nikadhani tunakwenda nyumbani, kumbe miguu yake imekata kushoto, njia ya mtoni. Akasimama kwenye mabua makavu yaliyobaki.

"Nionyeshe."

Sikujua. Jiwe lilikuwa korongoni, ardhi ilishalimwa, mabua yote yanafanana. Nilitembea huku na huku nikijaribu kupima kutoka kwenye mti, kutoka kwenye njia. Hakuna. Nikamtazama Kasimiri, amekunja kofia mkononi, ananisubiri kama anavyomsubiri padre. Nikaweka mguu wangu mahali.

"Hapa," nikasema.

Akapiga magoti. Alikaa hivyo mpaka baridi ikaanza kushuka, kisha akauliza bila kugeuka, "Yule wa misheni ni wa nani?"

"Sijui. Wa mtu."

"Tumemwombea mwaka mzima."

"Ndiyo."

"Basi hakupungukiwa." Akasimama, akajipangusa magoti, tukaenda kuchukua mifuko.

Nilimwomba asiwaambie wanaume wenzake. Alisema Linus ni rafiki yake. Nikamwambia Tereza ni rafiki yangu. Alifikiri siku mbili akakubali, lakini alimwendea Linus akamwomba abadilishe walau mfuko mmoja, na Linus akamwambia akamsalimie mwenye kaptula.

Mtoto alizaliwa Machi, mvua ikinyesha. Kasimiri alikaa nje ya mlango tangu uchungu ulipoanza, ana kikombe cha maji mkononi. Bibi Ida alimfukuza mara tatu, hakuondoka. Mtoto alipolia aliingia na kikombe chake akambatiza papo hapo, mtoto mzima, mnene, hana hata chafya. Padre alituchekea baadaye. Tulimwita Abrahamu, na nikaanza kuitwa Mama Abrahamu, nikawa nageuka nikiitwa.

Mahindi yetu yalipita kichwa. Ya wenzetu yalipofika magotini yakanyunyiziwa nyeupe, yakachangamka wiki mbili hivi, watu wakaimba, kisha yakasimama. Majani yakageuka zambarau. Bwana shamba alisema ni mvua, akasema ni mbegu, akarudi akasema ni mvua. Alipima upya kile kipande chake, akakuna kichwa, na kabla hajakikuna vizuri akahamishiwa kwingine. Alikuwa kijana mwema. Hakuna aliyemwambia kitu.

Agosti ya mwaka 1957 lori la manamba lilisimama kwenye njia panda. Walipanda wanaume kumi na tisa wa kijiji chetu. Linus alipanda wa mwisho, akampungia Kasimiri mkono, akasema, "Kijivu, bwana! Mwakani kijivu!" Alicheka, lakini uso haukucheka. Kasimiri alishindwa kusimama pale, akaenda kujifanya anafunga mbuzi.

Vumbi lilipotua tulibaki wanawake. Nilikuwa na Abrahamu mgongoni. Tereza alikuja akasimama karibu yangu, tumbo lake limeshatangulia, la miezi saba.

"Ulimwambia wako," akasema.

"Nilimwambia."

"Lini?"

"Makambako. Nyuma ya duka."

"Mifuko ya Linus ilikuwa bado iko dukani."

"Ilikuwa bado."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemeza kitu. "Alikupiga?"

"Hapana."

"Alikufukuza?"

"Hapana. Aliniuliza ni wapi."

"Ni wapi nini?"

"Alikolala mtoto. Nikamwonyesha, akapiga magoti."

Tereza alinitazama usoni. Nilifikiri ataniuliza jinsi nilivyopajua, na ningemwambia kwamba sikupajua, kwamba niliweka mguu tu. Hakuuliza. Aligeukia barabara, akashika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Miezi kumi," akasema. "Umekaa na neno hilo miezi kumi. Ungeniambia tu kwamba yupo mwanaume anayeuliza ni wapi, na mimi ningemjaribu wangu."

Nikamkaza Abrahamu mgongoni. Lori lilishavuka daraja, na huku tulikosimama halikusikika tena.